Jalada Linaposafiri Peke Yake

Tarehe 24 Agosti 1988, wilayani Muleba, mwanamke mzee aliuza shamba. Alikuwa amelirithi kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Umri ulikuwa umekwenda, hakuwa na mtu wa kumtunza, na bei waliyopatana na mnunuzi ilikuwa shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Kesho yake tu mtoto wa ndugu yake alikuwa amekwishafika Mahakama ya Mwanzo Kashasha kuomba mauzo yatenguliwe, kwa hoja kwamba mila za Wahaya hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia: mauzo ni batili, mnunuzi arudishiwe fedha zake. Mahakama ya Wilaya ikasema hapana, ikaegemea Katiba. Mdai akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaandika hukumu ambayo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya sheria ndani na nje ya Tanzania.

Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, lakini si kuiuza. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini ilikubaliwa kwamba zisianze kudaiwa mahakamani hadi Machi 1988. Miezi mitano baadaye shamba likauzwa. Jaji alisema kanuni ile ya mila sasa isomwe kwa namna inayolingana na Katiba: mwanamke auze kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Kwa kuwa hata mwanamume akiuza shamba la ukoo ndugu zake wana nafasi ya kulikomboa, mdai naye akapewa miezi sita arudishe zile shilingi 300,000, na akishindwa, shamba liwe la mnunuzi moja kwa moja.

Nimeanza na shauri hili kwa sababu lilizaliwa katika mahakama ambamo kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama, likasikilizwa na watu waliowaona wahusika kwa macho yao, kisha likapanda ngazi mbili kwa karatasi. Jaji wa Mwanza alikuwa na mwenendo wa shauri, hukumu mbili zinazopingana na vitabu vya sheria. Tarehe ya mauzo, bei, wosia, uhusiano wa mdai na muuzaji: vyote hivyo vilikuwemo ndani ya jalada kwa sababu kuna mtu kule chini aliviandika. Kimojawapo kingekosekana, sijui hukumu ile ingesimama juu ya nini.

Wakili wa mashauri ya madai anayetaka kufika Mahakama ya Rufani anapaswa kulijua jambo hilo tangu siku mteja anapoketi mbele ya meza yake. Kuna siku jalada litakwenda mbele ya majaji ambao hawakuwepo, na ushahidi mpya katika rufaa hupokelewa kwa nadra sana na kwa kibali. Nimewasikiliza na kuwasoma mawakili wengi, na ninachokiona kinawatenga walio bora na wengine si ufasaha wa kuongea. Walio bora, hata wanapozungumza na jaji aliye mbele yao, wanawaandikia pia majaji watatu ambao bado hawajapangiwa shauri hilo.

Kufika hapo huchukua muda. Kitivo cha kwanza cha kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa cha sheria, nacho kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Leo shahada ya sheria hutolewa na vyuo vingi, lakini shahada peke yake haimvishi mtu joho. Mhitimu hupita Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndipo aombe kwa Jaji Mkuu kuandikishwa kuwa wakili. Oktoba 2022 nchi nzima iliizungumzia taasisi hiyo baada ya matokeo kuonyesha kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wa kurudia baadhi ya mitihani 342, na walioshindwa kabisa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mjadala ulikuwa mkali na wa haki, lakini ulibaki kwenye mitihani. Ufundi ninaouzungumzia hapa haupatikani kwenye mtihani wowote. Hupatikana kwa kukaa nyuma ya wakili mkongwe na kubeba majalada yake, kwa kumshikia brifu, yaani kusimama badala yake, siku shauri linapotajwa tu, na kwa kutazama ni wakati gani anasimama na ni wakati gani anabaki ameketi.

Chukua shauri la mpaka wa kiwanja. Shahidi yuko kizimbani, mbele yake kuna ramani, naye anaulizwa mpaka unapita wapi. Ananyoosha kidole: "Unaanzia hapa, unapita hapa, mpaka kule." Chumba kizima kimeelewa. Jaji ameelewa, karani ameelewa, mdaiwa amekunja uso kwa sababu naye ameelewa vizuri zaidi. Kwenye mwenendo wa shauri kitaandikwa hivyohivyo: unaanzia hapa, unapita hapa, mpaka kule. Miaka minane baadaye Jaji wa Rufani atafungua ukurasa huo, na "hapa" halitamwambia kitu. Wakili anayejua kazi yake husimama papo hapo: "Mheshimiwa Jaji, naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba shahidi ameelekeza kidole kwenye mwembe ulio kona ya mashariki ya ramani, kielelezo cha mdai namba tatu, kisha akafuata mstari wa mkonge hadi kwenye jiwe la mpaka." Sentensi moja. Mara nyingi upande wa pili haupingi hata kidogo, kwa maana ni kweli tupu. Nimeona rufaa zenye haki zikiyumba kwa kukosa sentensi kama hiyo.

Nyaraka nazo zina njia yake. Mteja huamini kwamba mkataba ukishaambatishwa kwenye hati ya madai, umekwisha kuwa ushahidi. Sivyo. Kiambatisho hubaki kiambatisho mpaka shahidi anayekifahamu aseme ni nini, amekitambua kwa alama gani, na aombe mahakama ikipokee. Hapo ndipo upande wa pili husimama. Hii ni nakala, halisi iko wapi? Mbona ushuru wa stempu haujalipwa? Shahidi huyu alikuwepo ulipotiwa saini? Pingamizi likitupwa na kielelezo kikapokelewa, bado kinatakiwa kuandikwa juu yake namba ya shauri, jina la aliyekitoa, tarehe, na maelezo kwamba kimepokelewa, kisha jaji atie saini. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, iliyotungwa mwaka 1966 kwa kufuata sheria ya India ya mwaka 1908, inasema nyaraka ambayo haikupokelewa si sehemu ya kumbukumbu za shauri. Wakili makini haondoki chumbani kabla hajahakikisha maandishi hayo yapo. Humwendea karani kwa upole, huomba kuangalia, na likikosekana jambo hulisema siku hiyohiyo. Nawahimiza vijana waige tabia hii kabla ya kuiga sauti nzito ya mkubwa wao.

Kuna ufundi mwingine ambao vijana huupenda kupita kiasi, nao ni pingamizi la awali. Mwaka 1969 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors, ilieleza kwamba pingamizi la namna hiyo ni hoja ya sheria tupu, inayojengwa juu ya dhana kwamba mambo yote yaliyodaiwa na upande wa pili ni ya kweli. Likihitaji ushahidi ili lieleweke, si pingamizi la awali. Majaji walilalamika wakati ule kwamba mapingamizi yasiyostahili yanaongeza gharama na kuchanganya mambo. Zaidi ya nusu karne imepita na uamuzi huo bado unanukuliwa karibu kila wiki katika mahakama za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, kwa sababu kishawishi hakijaisha. Shauri likiondolewa kwa hoja ya kiufundi mteja hufurahi, naye wakili hupongezwa. Halafu mdai hurekebisha kasoro na kurudi, na sasa kila mmoja amekwisha kulipa mara mbili.

Hukumu ikisomwa, saa huanza kwenda. Aliyeshindwa Mahakama Kuu ana siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Ndani ya siku 30 hizohizo anatakiwa kumwandikia Msajili barua kuomba nakala za mwenendo, hukumu na dikrii (hati ya amri inayotokana na hukumu), na nakala ya barua hiyo ampelekee mpinzani wake. Rufaa yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu taarifa ile ipokelewe. Lakini mwenendo wa shauri lililochukua miaka hauchapwi kwa miezi miwili, hivyo kanuni huruhusu muda uliotumika kuandaa nakala uondolewe kwenye hesabu, nao Msajili hutoa cheti cha ucheleweshaji. Anayefaidika na cheti hicho ni yule tu aliyeandika barua kwa wakati na kumpa mpinzani nakala. Barua ya mistari minne, ambayo hakuna mteja atakayeiona wala kuilipia kwa moyo, ndiyo inayoamua kama rufaa itasikilizwa. Aliyechelewa hurudi kwa magoti na maombi ya kuongezewa muda, na kwa vigezo vilivyowekwa katika shauri la Lyamuya Construction, maombi ya mwaka 2010, anatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa ilipotelea wapi, aonyeshe kwamba hakuzembea, au aonyeshe kwamba hukumu ile ina kasoro kubwa ya kisheria isiyofaa kuachwa. Mawakili wakongwe huandika barua kwa Msajili jioni ileile ya hukumu, kabla hawajajua kama mteja atataka kuendelea.

Ukali wa mahakama inayopokea rufaa hizo ulikuwa mkubwa zaidi zamani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na kwenda na mahakama yake ya rufani, na kwa miaka mingi ilisimamia kanuni zake bila huruma. Dikrii iliyosainiwa na msajili badala ya jaji iliiua rufaa. Dikrii yenye tarehe isiyolingana na tarehe ya hukumu iliiua pia. Kosa lilikuwa la ofisi ya mahakama, lakini aliyeadhibiwa ni mwananchi aliyekwisha kungoja miaka. Sikubaliani na wanaoukumbuka wakati huo kwa sifa, kana kwamba ndio uliotengeneza mawakili hodari. Uliwatengeneza, kweli, lakini kwa gharama za watu waliokuja kutafuta ardhi yao au fidia yao. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, ikaitaka mahakama itazame zaidi haki ya msingi na usikilizaji wa haraka na wa gharama nafuu. Mawakili huiita kanuni ya oksijeni. Mwaka uliofuata kanuni za mahakama zikalegezwa pia, na mrufani aliyesahau nyaraka fulani akapata nafasi ya kuleta kumbukumbu za nyongeza. Hata hivyo majaji wameshasema mara kadhaa kwamba oksijeni haifufui kila kitu: muda uliowekwa na sheria na masharti yanayogusa mamlaka ya mahakama bado yanabana.

Sasa kazi ya kuandika. Kanuni hutaka sababu za rufaa ziwe fupi, zisiwe na hadithi wala mabishano, kila moja ionyeshe jambo ambalo mahakama ya chini imelikosea. Anayeanza huandika 14, kwa hofu kwamba atakayoiacha ndiyo ingemshindia. Wakili mkomavu husoma jalada zima, mwenendo kwanza na hukumu mwisho, akiweka alama kila panapokwaruza, kisha hupunguza hadi sababu tatu au nne. Kupunguza huko kunahitaji ujasiri, kwa maana mteja ana uchungu na kila neno la hukumu iliyomwangusha. Anataka isemwe kwamba shahidi wa tatu alidanganya. Wakili inambidi amweleze kwamba jaji wa kwanza alimwona shahidi yule akihojiwa, akamwona akijibu maswali ya dodoso, na kwamba tangu shauri la Peters dhidi ya Sunday Post, lililoamuliwa mwaka 1958, mahakama za rufani za eneo hili zimekuwa zikisita sana kumpindua jaji juu ya uaminifu wa shahidi. Katika rufaa ya kwanza majaji wana wajibu wa kuupima ushahidi wote upya, lakini hawana macho ya kuona jasho la shahidi. Kwa hiyo hoja inayoweza kushinda ni nyingine: kwamba maneno ya shahidi huyo yanapingana na kielelezo kilichopokelewa, kwenye ukurasa fulani, na jaji hakukigusa kielelezo hicho katika hukumu yake. Hapo majaji wa rufani wanaweza kufungua ukurasa na kuona wenyewe.

Siku ya kusikilizwa huwashangaza wageni kwa ukimya wake. Hakuna mashahidi wala vilio. Majaji watatu wameketi, na ikiwa mahakama inaombwa kuuacha msimamo wake wa zamani, watano. Mahakama hii husafiri: hufanya vikao Arusha, Mwanza, Mbeya, Tabora na kwingineko, na hukaa Zanzibar pia kusikiliza rufaa zinazotoka Mahakama Kuu ya kule, isipokuwa mambo kama tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri yaliyoanzia kwa Kadhi. Hoja za maandishi zimekwisha kuletwa mapema, zikipewa siku 60 baada ya rufaa kufunguliwa, nao majaji wamezisoma. Wakili hujitambulisha, hueleza anamwakilisha nani, na kabla hajafika mbali huulizwa swali. Mara nyingi ni swali la sehemu dhaifu kuliko zote. "Msomi, hii risiti unayoitegemea ilipokelewa ukurasa upi?"

Ikiwa haikupokelewa, lipo jibu moja tu la kweli, nalo ni kukiri. Kukiri huko si kushindwa. Wakili ni ofisa wa mahakama, anao wajibu wa kuwaonyesha majaji hata uamuzi unaompinga, na majaji hukumbuka miaka mingi nani aliwahi kuwapotosha. Anayesema kwa utulivu, "Ni kweli, Waheshimiwa Majaji, risiti haimo katika kumbukumbu, sababu ya pili naiondoa, lakini ya kwanza haiitegemei," huwa amenunua usikivu kwa sababu ya kwanza. Wapo wanaoshindwa kusema hivyo kwa sababu mteja ameketi nyuma yao. Ndiyo maana mazungumzo na mteja yanatakiwa yafanyike kabla, ofisini, kwa lugha anayoielewa.

Lugha yenyewe imebadilika katika miaka hii. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa kwa masharti. Vitabu vya uamuzi wa zamani bado ni vya Kiingereza na mawakili wengi bado huandika kwa lugha hiyo, na mabadiliko yanakwenda polepole kuliko nilivyotarajia. Lakini mkulima wa Muleba anapoweza kusoma mwenyewe sababu za rufaa yake na kuuliza kwa nini jambo fulani limeachwa, wakili analazimika kuwa na jibu. Naona hilo ni jema kwa ufundi wote, kwa sababu hoja ambayo mwenye shauri hawezi kuielewa akielezwa vizuri huwa na ufa mahali fulani.

Na hukumu ya Mahakama ya Rufani ikishatolewa, Tanzania haina ngazi nyingine. Wakenya waliongeza Mahakama ya Juu kwa Katiba yao ya mwaka 2010. Watanzania bado wanaishia hapa. Inabaki njia nyembamba ya mapitio, inayoombwa ndani ya siku 60 kwa sababu chache zilizotajwa: kosa lililo wazi usoni mwa kumbukumbu na lililoleta dhuluma, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa hila au ushahidi wa uongo. Kutoridhika hakumo. Kila wakili wa rufaa amewahi kuketi na mteja anayesema "twende mapitio", na wengine hukubali kwa sababu kuna ada ya kulipwa. Anayestahili kuaminiwa humfungulia mteja hukumu, humsomea aya iliyomwangusha, na kumwambia kwamba hapa majaji wamekuelewa, ila hawakukubaliana na wewe.

Aliyeshinda naye hajamaliza. Jalada hurudi lilikotoka, na wakili huandaa maombi ya kukazia hukumu, yenye ukomo wa miaka 12. Huulizia mali za mdaiwa ziko wapi, huomba dalali wa mahakama ateuliwe, hujibu mapingamizi ya watu wanaojitokeza kusema kwamba gari lililokamatwa ni lao. Mahakimu na majaji wanaosimamia hatua hii hawakusikiliza shauri tangu mwanzo, na mara nyingi hawakuwepo popote katika safari yake. Nao huanza kwa kufungua jalada.